Onyo Ambalo Madam Hakulijibu

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuiondoa sauti. Niliitoa kwa sababu kikaguzi kiliniambia haihitajiki, na kwa sababu mimi ni mtu asiyepata usingizi akijua kuna mstari wa njano wa onyo umebaki kwenye skrini. Programu yenyewe ilikuwa ya kuwasomea masomo watoto wasioona. Nilizipeleka kompyuta za darasa lao zikiwa safi kabisa, bila onyo hata moja, na zote bubu.

Aliyenipeleka kwenda kuliona kosa hilo ni mwanamke ambaye katika shule nyingi za Kitui na Makueni hakuitwa jina lake. Aliitwa Madam tu. Ukisema "Madam anakuja kesho," walimu walijua ni yupi, na mtu alitumwa kufagia chumba cha kompyuta. Alikuwa amefundisha kompyuta chuoni mpaka akastaafu, kisha akaanza kuzitunza zile mashine kuukuu ambazo shule hupewa na watu wasiozitaka tena. Aliziwekea mfumo wa Linux, kwa sababu haudai malipo na huenda vizuri hata kwenye mashine iliyochoka. Mimi nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, katika chumba cha kuchapishia karatasi pale Sultan Hamud. Madam aliingia siku moja kuchapa barua, akaona ninachofanya kwenye skrini, akaniuliza kama nina kazi ya maana.

Nieleze kidogo kuhusu kikaguzi. Kila programu tunayopeleka shuleni tunaifunga kwenye kifurushi, na juu ya kifurushi tunaandika majina ya programu nyingine ambazo inazitegemea. Kikaguzi hufungua kifurushi, huangalia ndani, kisha hulinganisha na majina yale. Kikikuta jina ambalo hakioni alama yake ndani, hutoa onyo: hiki kimeandikwa lakini hakihitajiki. Mara nyingi kinasema kweli. Lakini programu yetu ya kusoma huiita sauti, programu nyingine ya kutamka maneno, wakati inapofanya kazi, kwa jina, kama mtu anavyomwita jirani ng'ambo ya ua. Kabla ya kuita, hakuna alama yoyote. Kikaguzi hakisubiri mpaka aitwe. Kinatazama nyumba, hakimwoni jirani ndani, kinasema jirani hana kazi hapa.

Shule ya watoto wale iko upande wa Kanyangi. Mwalimu wa darasa alimpigia Madam simu, na tukaenda pamoja. Nilikuta watoto wameketi wima, hedifoni masikioni, wakisubiri. Hilo la kusubiri ndilo lililonichoma. Hakuna aliyelalamika. Walidhani kompyuta bado inajiandaa.

Madam hakunigombeza. Aliniketisha kwenye kiti kimoja tupu.

"Funga macho. Vaa hedifoni. Sasa fungua somo la kwanza."

Nilibonyeza nilipojua.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Madam."

"Kikaguzi kilikuambia nini?"

"Kwamba sauti haihitajiki."

"Na wewe ukakijibu nini?"

"Sikujibu. Niliitoa tu."

"Sasa ona," alisema, akimgeukia Mwalimu kana kwamba mimi sipo. "Chuma kimeongea, na mtu mzima akanyamaza."

Watoto walicheka. Nilirudisha sauti pale pale, nikikosea neno la siri zaidi ya mara moja.

Tangu siku hiyo alinifunga kwa sheria yake. Madam aliamini onyo ni swali. Halifutwi, halitiiwi, linajibiwa. Na jibu halikuwa la kuandika. Ilikuwa lazima ulitoe kwa mdomo, mbele ya mtu atakayeitumia programu ile, kwa maneno anayoyaelewa. Ukishindwa kumweleza mwalimu wa darasa la pili kwa nini kitu fulani kinabaki, basi wewe mwenyewe hujui kwa nini kinabaki. Nimewahi kusimama mbele ya mpishi wa shule, mwiko mkononi, nikimweleza kwamba sauti ni kama chumvi, huioni kwenye sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hiyo mashine yako haijawahi kuonja?" Madam alifurahia jibu hilo wiki nzima.

Alikuwa mfupi, mwenye kuvaa sweta hata Kanyangi wakati wa jua kali, na alitembea mbele ya kila mtu. Kiondo chake, kikapu cha kusukwa, kilikuwa na bisibisi, brashi ya kutolea vumbi, kitambaa cheupe, na ndizi mbivu ambazo hakumpa mtu. Alikuwa mtu wa kanisa, lakini hakukubali kompyuta iombewe. Mkuu wa shule mmoja alipotaka tuinamishe vichwa kwanza, Madam alimwambia, "Mwalimu, Mungu alishatupa bisibisi. Tumwombe kitu kingine." Kisha, mashine ilipochelewa kuwaka, aliiimbia wimbo wa kanisani polepole, beti baada ya beti, bila haraka yoyote. Kwa mashine alikuwa na subira isiyoisha. Kwa watu hakuwa nayo. Alimkatiza mtu katikati ya sentensi kama aliona mwisho wake.

Maneno aliyoyachukia kuliko yote ni "iko sawa tu." Fundi yeyote aliyeyatamka mbele yake aliulizwa, "Sawa kwa nani?"

Mimi nilitaka ukamilifu, na kwa muda mrefu nilidhani yeye pia anautaka. Kikaguzi chetu kina njia ya kukinyamazisha: unakiambia onyo fulani kisilitoe tena, na skrini inakuwa safi. Nilimpelekea wazo hilo kwa furaha, kwa sababu lile onyo la sauti lilikuwa likirudi kila tunapokagua, na kila likirudi nilikosa usingizi, ingawa nilijua ni la uongo.

"Unataka umfunge mdomo," alisema.

"Ni la uongo, Madam. Tumeshalijibu."

"Leo ni la uongo. Tukibadilisha programu mwaka ujao, utajuaje kama bado ni la uongo, na umeshamfunga mdomo?"

Akanieleza habari za Tseikuru, alikofundisha akiwa bado msichana. Alipanga chumba katika boma la familia moja ya wafanyabiashara wa mbuzi, Waislamu waliotoka kaskazini mashariki. Mama wa boma alifuga kanga. Kanga hupiga kelele kwa mwewe, kwa jani, kwa gunia linalopeperuka, kwa mgeni, kwa mwenye nyumba mwenyewe akibadilisha kilemba. Madam alimwuliza yule mama kwa nini asiwachinje apate utulivu. Mama akamjibu kwamba kelele ni yao, kuangalia ni kwake. Kila walipopiga kelele alichungulia dirishani, akaona ni jani, akarudi kwenye chai yake. "Hakuwahi kuwatukana," Madam alisema. "Na hakuwahi kukimbia. Wewe unafanya yote mawili."

Alikuwa sahihi. Niliwahi kuwaandikia barua kali watu wanaokitengeneza kikaguzi, walio mbali sana na hawanijui, nikiwaambia chombo chao kinadanganya na kimewanyamazisha watoto. Kabla sijaituma nilimwonyesha Madam. Alifuta karibu yote, akaacha maelezo ya kilichotokea na shukrani. Walijibu kwa upole kwamba wanajua: kikaguzi huona kilichofungwa ndani, hakioni kinachoitwa baadaye, na hawaoni chombo cha aina hiyo kinavyoweza kuona kila kitu, ndivyo walivyosema. Mimi nilivunjika moyo. Madam alifurahi. "Anayejua asichokiona, huyo unaweza kufanya naye kazi," alisema, na tangu hapo alikitaja kikaguzi kwa heshima, kama mzee wa kanisa asiyesikia vizuri.

Lakini mfano wake mkubwa ulikuwa mwethya. Kwetu mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi ya pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, na kazi kubwa huwa ni kuchimba matuta ya kuzuia udongo usiende na mvua. Madam alikuwa katika kundi moja pale Makueni. Kundi hilo lilikuwa na mama mmoja mwenye goti bovu asiyeshika jembe. Alisimama kwenye kivuli cha ua na kuanzisha wimbo, na majembe yalipanda na kushuka kwa wimbo wake. Siku moja walipata mwenyekiti mpya, kijana mwenye kupenda mpango, aliyesema kila anayekula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yanayopikiwa kundi, lazima awe na jembe. Mama akabaki nyumbani.

"Ikawaje?" niliuliza.

"Watu walichimba. Walikuja wote, jembe kila mmoja, hakuna kasoro. Jua lilipopanda kidogo, huyu ana mtoto mgonjwa, huyu kaacha maharagwe motoni. Tuta halikufika nusu. Ukihesabu majembe, mwanake, yule wa kuimba utamfukuza."

Nimeitumia sentensi hiyo mara nyingi, bila lile "mwanake", yaani kijana kwa Kikamba, mpaka watu wanadhani ni yangu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa miaka sikulisema. Madam alikuwa na gari kuukuu, na kwenye dashibodi taa moja nyekundu iliwaka kila siku niliyopanda gari lile. Alikuwa ameibandika plasta ya kidonda juu yake. Nilipomwuliza mara ya kwanza alisema, "Nimeshaijibu. Ni waya." Mwanamke aliyenikataza kukifunga kikaguzi mdomo alikuwa ameifunga taa macho, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Na kwenye vifurushi vyetu pia palikuwa na plasta. Tangu Madam alipoongeza breli, baada ya siku ile ya hedifoni, kikaguzi hakikutoa onyo moja tu kwa lile darasa la Kanyangi. Kilitoa mawili. La kwanza lilikuwa la sauti. La pili lilisema kwamba programu za breli hazihitajiki: zile zinazogeuza maandishi kuwa nukta za kusomwa kwa vidole na kuziendesha kwenye mashine ya kuchapa. Nilipomwonyesha zamani, Madam alisema, "Hiyo niachie." Kwa kuwa alikuwa sahihi kuhusu sauti, niliamini yuko sahihi kuhusu breli. Sikuwahi kumsikia akilijibu onyo hilo kwa mdomo mbele ya mtu yeyote. Wala hakuna aliyewahi kumwuliza.

Magoti yake yalipoanza kumsumbua alihamia Kitui mjini kwa dada yake, akaniachia shule zote. Nilikuwa nikimpigia simu kila kitu kilipotaka kuniogopesha, na akawa anajibu kwa ufupi zaidi na zaidi, makusudi nadhani.

Halafu akaja Kamene. Ni msichana mdogo aliyeletwa kwenye lile darasa la Kanyangi mwaka huu kutoka kijiji cha mbali, haoni, na hajui lugha nyingine ila Kikamba. Masomo yote ya kwenye kompyuta yalikuwa ya Kiswahili na Kiingereza. Mwalimu aliniambia mtoto huvaa hedifoni asubuhi, hutulia kama wenzake, na huzivua mchana bila kuelewa neno. Alianza kusema anataka kurudi nyumbani. Nyumbani hakuna mtu wa kumfundisha, na mama yake alishakubali kuja kumchukua wakati wowote.

Mwalimu na wenzake walirekodi masomo kwa Kikamba, kwa sauti zao wenyewe. Ilikuwa kazi nzuri sana. Nilipojaribu kuyaweka, hayakuenea. Kompyuta zile ni za zamani na nafasi yake ni ndogo. Nilifuta kila takataka niliyoijua. Kilichobaki kikubwa ni kimoja, breli ya Madam pamoja na vyote inavyovuta nyuma yake.

Ningeweza kuitoa kimya kimya. Zamani ningefanya hivyo, au ningeiacha kimya kimya, na yote mawili yangekuwa uoga ule ule. Nilimpigia simu.

"Madam, nataka kukuuliza kuhusu onyo la breli."

"Nakuja," akasema. "Usiguse."

Alikuja na lile gari, fimbo mkononi, sweta mwilini. Watoto waliijua hatua yake kabla hajafika mlangoni, wakasimama. Aliketi nyuma ya darasa, karibu na Kamene, akaweka kiondo magotini.

"Haya, uliza."

Niliuliza mbele ya Mwalimu, kama alivyonifundisha. "Kikaguzi kinasema breli haihitajiki. Mimi naona imebaki. Nani ataathirika nikiitoa?"

"Ni ya ile mashine ya kuchapa," alisema. "Iliharibika kipande. Nilitafuta fundi Nairobi, akaahidi. Ikitengenezwa na programu hazipo, watoto watangoja tena. Sitaki wangoje."

Niliona Mwalimu anaangalia viatu vyake.

"Mwalimu," nilisema, "mashine iko?"

"Madam…" alianza. "Madam, ile mashine haipo. Stoo ilivuja, ikapata kutu yote. Tulimpa mtu wa vyuma chakavu. Hata yeye alichagua, hakuibeba nzima."

"Lini?"

"Kitambo."

"Kitambo! Na nimekuja hapa mara ngapi? Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa."

"Mliogopa nini?"

"Wewe, Madam," alisema Mwalimu, na kwa kuwa alisema ukweli kwa unyonge sana, watoto wakubwa waliangua kicheko, na mmoja akarudia kwa kumwigiza: "Wewe, Madam!"

Nilisubiri hasira zake. Hazikuja. Madam alikitazama kiondo chake, akakipapasa kana kwamba anatafuta ndizi. "Kwa hiyo chuma kiliongea," alisema mwishowe, "na mimi ndiye niliyenyamaza."

"Ndiyo, Madam."

"Usiseme ndiyo upesi hivyo, mwanake. Ngoja kidogo, halafu useme."

Nilingoja kidogo. "Ndiyo, Madam."

Akacheka, ule mcheko wake wa puani. Lakini hakuniruhusu nitoe kitu kwa kumheshimu, kama ambavyo hakutaka nikiache kwa kumheshimu. Alitaka jaribio. Niliitoa breli kwenye kompyuta moja tu, ile ya Kamene, kisha msichana mkubwa zaidi darasani akaketi na kupita somo baada ya somo, la Kiswahili na la Kiingereza, akifungua na kufunga, na kila kitu kikasema kama kawaida. "Inaongea," alituambia. "Yote inaongea." Ndipo nikaweka masomo ya Kikamba. Yakaenea.

Kamene alivishwa hedifoni. Aliketi na ule utulivu wake wa kuvumilia. Mwalimu alikuwa amefungua rekodi yake kwa salamu, kama mtu anavyoingia kwenye boma.

Sisi hatukusikia kilichosemwa. Tulimsikia Kamene tu, akiitikia salamu kwa Kikamba kwa sauti kubwa iliyojaza chumba, kama mtoto aliyeamkuliwa na mtu wa kwao:

"Aa!"

Darasa zima likacheka, naye akacheka pia bila kujua wanacheka nini, kisha akainua mkono kutunyamazisha maana sauti ilikuwa ikiendelea.

Madam alimwangalia kwa muda. "Toa kwenye zote," aliniambia.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Alipowasha, niliiona plasta, imegeuka rangi ya vumbi. Nilifungua mdomo.

"Najua," alisema. "Naenda kwa fundi. Usinifuate na swali mpaka barabarani." Akabandua plasta ile kwa ukucha, akanipa mkononi nikaitupe, akaenda, taa nyekundu ikimwangalia usoni.

Kamene bado yuko shuleni. Kikaguzi bado kinatoa onyo la sauti kila ninapokagua, nalo bado ni la uongo. Sikifungi mdomo, na sisemi tena kwamba linabaki kwa sababu Madam alisema. Nalijibu kwa mdomo mbele ya Mwalimu, nauacha mstari wake wa njano hapo ulipo, napeleka kompyuta, na ninapata usingizi.